Jenereta ya Mama Koku

Jumanne, umeme bado

Kemi wangu leo tena kaenda kusomea kwa jirani, Mama Koku, maana wao wana jenereta na mimi nina kibatari. Karudi ananiambia, "Mama, kwao ni kama Bukoba mjini." Moyo ulinichoma.

Halafu akasema kichwa kinamuuma, anataka kutapika. Nikaacha ndizi jikoni, nikaenda mbio kwa Mama Koku.

Jenereta inanguruma ndani ya stoo, ukuta mmoja na chumba wanachosomea! Kaificha wezi wasiione, maana msimu huu wa senene, wale panzi tunaowala, kila mtu anatafuta jenereta ya kuwasha taa kali za kuwanasia.

"Mama Koku, zima, moshi wake unaua."

"Wivu huo, Mama Kemi!"

"Wivu ninao. Lakini mtoe mwanao kwanza."

Koku akatoka anayumba. Mama yake akaizima. Tukafungua madirisha yote, jenereta ilipopoa tukaibeba hadi kwenye migomba iliyo mpakani mwa viwanja vyetu, mbali na nyumba, tukaiezekea bati.

Kemi kakaa barazani hadi kichwa kikaacha, sasa kalala. Nakwenda kumsikiliza anavyopumua, narudi.

Huko mpakani jenereta imewashwa tena, inanguruma. Mwanga ni wake Mama Koku, kelele ni zangu mimi. Basi ingurume.