Jani la Nne kwenye Mkono wa Nora

Alhamisi, 12 Februari. Diani.

Joto tangu alfajiri. Saa tatu asubuhi mchanga ulikuwa tayari unachoma nyayo, na hina ndani ya koni zetu za kuchorea ilianza kulegea kabla hatujampata mteja wa kwanza. Niliamka na wivu, na sasa ninaandika nikiwa nao bado. Katikati nimefanya jambo moja jema, na hata hilo sikulifanya kwa moyo safi.

Nianze na wifi yangu, maana yote yanaanzia kwake.

Mwanasiti ni mke wa kaka yangu. Tunachora hina pamoja kwenye kibanda cha makuti karibu na njia ya kushukia ufukweni, mimi mwaka wa tisa, yeye wa tatu. Mimi ndiye niliyemfundisha kukunja koni, kuchekecha hina kwa mtandio mpaka isibaki chembe, kupaka maji ya ndimu na sukari ili rangi ikolee. Mimi huanza kwa nukta. Napima kwa ubavu wa kiberiti, naweka nukta zangu, kisha naziunganisha. Yeye hana kiberiti. Huutazama mkono wa mtu kwa muda, kama anasoma barua, halafu huanza, na koni hainuki mpaka amemaliza.

Wageni humtaka yeye. Mabibi harusi wa Msambweni humtaka yeye. Mwezi huu, harusi zikiwa nyingi kabla ya Ramadhani, nimeitwa mara mbili kuwapaka "wale wengine," yaani mashangazi na watoto, huku yeye akiwa chumbani kwa bibi harusi.

Wifi na wivu zinatofautiana herufi mbili tu. Niliwahi kuandika hivyo kwenye daftari langu, na sikucheka.

Sasa habari ya Nora. Nora ni binti wa Kanada. Bibi yake mzaa mama alizaliwa Ayalandi, akahama akiwa msichana, akafariki mwaka jana. Nora mwenyewe hajawahi kuikanyaga nchi hiyo. Alitaka achorwe tatuu ya shamroki, lile jani dogo la Ayalandi, kwenye mkono wake wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Mwezi ujao ukoo wao unakutana kwa ajili ya siku ya Mtakatifu Patriki, mlezi wa Ayalandi, na alitaka aingie na jani la bibi mwilini.

Davi, kijana wa bara anayechora tatuu Ukunda, ana sharti lake. Mteja mwenye shaka humleta kwetu kwanza. "Kaa nayo kwa hina siku tano," huwaambia. "Ukiamka nayo kila asubuhi na bado unaitaka, rudi nichome juu ya mistari hiyo hiyo." Ndivyo Nora alivyofika kibandani Jumamosi. Mimi nilikuwa mikono mitupu, sina mteja. Alinisalimia vizuri, akanipita, akaketi mbele ya Mwanasiti.

Akafungua simu yake akaonyesha picha aliyoitoa mtandaoni. Jani la kijani, vijani vinne vyenye umbo la moyo. "Hili ndilo lilikuwa jani la bibi yangu," alisema.

Nilijua papo hapo kwamba silo.

Nilijua kwa sababu ya kunde. Mwaka jana walikuja kina mama watatu kutoka Ayalandi kwenyewe, wakaniomba niwachore shamroki. Simu yangu haikuwa na bando. Niliwauliza ni kitu gani, wakaniambia ni mmea mdogo, majani matatu pamoja, unaota kila mahali, na kwao wanaupenda sana. Majani matatu pamoja, unaota kila mahali, unapendwa. Mtu wa Kwale ukimwambia hivyo atafikiri nini? Nikachora jani la kunde. Nikalipima, nikalitia ncha kali, nikaweka mishipa yote. Kisha, ili lipendeze, nikalining'inizia na maganda mawili.

Yule mama alicheka mpaka akapangusa machozi, akapiga picha. Hakukasirika. Aliyeniua ni Bakari, muuza madafu, aliyechungulia juu ya bega langu.

"Wee dada! Umemchora mzungu mboga! Tena ishazaa!"

Tangu siku hiyo naitwa Mama Kunde pwani nzima, na Mwanasiti naye hucheka, ingawa huziba mdomo kwa ncha ya leso.

Mimi nikishindwa na kitu hukisoma. Nilijaza kurasa kumi na mbili. Najua kwamba jina shamroki kwa lugha yao ya asili maana yake ni jani changa. Najua kwamba majani yake ni matatu, na kwamba husimuliwa Patriki alilichuma kuwaeleza watu Utatu wa dini yao. Mimi si imani yangu, nilisoma kama nilivyosoma jiografia shuleni. Wengine husema ni imani, tumaini na upendo. Najua kwamba siku ya mtakatifu huyo watu hulibandika kwenye koti, na kwamba wazee wengine hulitumbukiza kwenye kikombe cha mwisho wanachokunywa siku hiyo. Najua hata wao wenyewe hubishana ni mmea upi hasa ndio wenyewe. Jambo wasilobishania ni hesabu. Ni matatu. Lenye manne ni jani la bahati, hupatikana kwa nadra, na mtu wa popote anaweza kuliokota. Halibebi ukoo wa mtu.

Haya yote niliyajua Jumamosi, nimekaa hatua mbili kutoka kwa wifi yangu, nikimtazama akimchora Nora jani la nne.

Sikusema.

Daftari langu lina tarehe, kwa hiyo siwezi kujidanganya. Jumamosi: "Majani manne. Sijasema." Jumapili: "Nora amepita, hina imekolea vizuri sana. Sijasema." Jumatatu, Jumanne na Jumatano vivyo hivyo. Kila siku nilijipa sababu mpya. Si mteja wangu. Nani ataniamini mimi, Mama Kunde? Mgeni mwenyewe ndiye aliyeleta picha. Lakini chini ya sababu zote kulikuwa na moja ambayo sikuiandika. Nilitaka jani lile lichomwe vile vile, lidumu, na siku moja shangazi mmoja huko amwambie Nora kwamba aliyemchorea hakujua kazi yake.

Na kulikuwa na nyingine iliyo chini zaidi. Kazi yangu ya miaka tisa yote imeoshwa na sabuni. Hakuna mkono hata mmoja duniani leo wenye mstari wangu wa mwaka jana. Sisi hatuchomi tatuu, dini hairuhusu, na sijawahi kutamani. Lakini mchoro wa Mwanasiti ungebaki kwenye ngozi ya mtu mpaka kaburini. Nililifikiria hilo usiku na mchana.

Leo mchana Nora alikuja kumchukua Mwanasiti waende pamoja kwa Davi. Alikuwa na furaha, akatuonyesha picha ya bibi yake kwenye simu. Bibi kizee aliyevaa koti la kijani, ameketi kwenye kiti cha mbao.

"Mwangalie macho," Mwanasiti alimwambia. "Macho yako haya haya."

Mimi nilitazama kifuani pa bibi. Palikuwa na pini ndogo ya fedha. Vijani vitatu na shina.

Bado sikusema. Wakapanda tuktuk, wakaondoka. Bakari alipita na mkokoteni wake, "Mama Kunde, wenzako wameitwa mjini, wewe umebaki shambani?" Nilimtupia kitambaa cha hina, kikampata shingoni.

Adhuhuri nilikuwa nimeichelewesha. Nikaenda kuswali kwenye chumba cha wanawake nyuma ya msikiti. Nilitia nia, nikaanza, na katikati nikapotea. Nilikuwa nimeketi juu ya mkeka na sikujua nimeswali rakaa tatu au nne. Nilijaribu kukumbuka. Tatu au nne? Kila nikihesabu nilikuwa nauona mkono wa Nora.

Tulifundishwa chuoni, tukisoma Kurani, kwamba mwenye shaka hushika lile dogo aliloyakinika nalo. Nikashika tatu, nikaongeza moja, nikasujudu sijida ya kusahau. Nilipoinua kichwa kutoka sijida ya pili nilikuwa nimeshajua kwamba nitakwenda Ukunda, na kwamba huenda nimechelewa.

Nilipanda bodaboda. Nilimwambia dereva aharakishe, na njiani nilikuwa na muda wa kutosha kupanga maneno. Ningeweza kumwita wifi nje. Hilo ndilo la adabu, kumnong'oneza, yeye arekebishe mwenyewe, mteja asijue. Nilizipanga sentensi zote nzuri.

Nilipofika, Davi alikuwa ameinama juu ya mkono na mashine inalia. Kwenye benchi walikuwapo vijana wawili wanaosubiri zamu. Mwanasiti alikuwa amekaa kando ya Nora, amemshika mkono wa kushoto, na Nora anamtazama kama mtu wa nyumbani kwao.

Zile sentensi nzuri zikapotea.

"Wifi, umekosea," nilisema kwa sauti kubwa. "Shamroki ni majani matatu. Hilo ulilomchorea si la Ayalandi. Ni jani la bahati nasibu."

Niliisikia sauti yangu. Ilikuwa tamu.

Davi alizima mashine. "Madam, si ungesema kabla sijaanza?"

Nora aliomba simu yake, akaikuza picha ya bibi, akahesabu kwa kidole juu ya kioo. Moja, mbili, tatu. Akaziba mdomo. Kisha akasema, kwa Kiingereza cha haraka ambacho nilikielewa chote, kwamba ana shangazi sita, na wote wangeuona mkono ule. Vijana wa benchi walikuwa wameacha simu zao.

Nilimtazama Mwanasiti. Nilikuwa nimengoja siku tano kuuona uso wake wakati huo.

"Ala," alisema. "Kumbe." Ndilo neno lake lote. Akasogeza kigoda, akaugeuza mkono wa Nora kwenye mwanga. "Davi, umeshachoma yapi?"

"La juu na la kushoto."

"Basi choma la kulia, uishie hapo. Hili la chini ni hina tu. Hina haigombani na mtu, itajiondokea." Akachukua kalamu ya Davi. "Na hapa katikati yake papite shina."

Akalichora shina kwa mkupuo mmoja, likipita juu ya jani la nne, limepinda kidogo kama lile la kwenye pini. Nakiri kwamba hata wakati huo, nikiwa nimesimama pale kama mkombozi, nilitumaini mkono wake utatetemeka.

Haukutetemeka. Mimi ningehitaji nukta tano.

Nora aliniuliza nimejuaje. Kabla sijafungua mdomo Mwanasiti alishajibu. "Huyu ndiye mwalimu wangu. Ana daftari la mambo haya yote. Muulize lolote unalotaka kuhusu jani la bibi yako." Alisema kwa fahari, kama anayenadi mali ya nyumbani kwao. Kwa hiyo nilikaa nikamweleza Nora habari ya jani changa, ya koti na ya kikombe cha mwisho, na alilia kidogo, akasema bibi alikuwa akifanya hilo la kikombe na yeye hakujua kwa nini. Nilimweleza vizuri. Nilifurahi kumweleza. Na muda wote nilikuwa nataka wifi yangu anikasirikie, walau kidogo, anipunguzie mzigo.

Mashine ilipomaliza, mkono ulikuwa na majani matatu meusi na shina, na chini yake jani moja la kahawia ambalo baada ya wiki halitakuwapo. Kesho Nora anapanda ndege.

Tulirudi kwa tuktuk, mimi na yeye. Tulikuwa tumeshapita kituo cha mafuta aliponiuliza.

"Wifi, ulijua lini?"

Hakuuliza kwa shari. Alikuwa anakwangua hina kavu kwenye kucha.

"Leo," nilisema. "Nilipoiona ile pini."

"Alhamdulillahi uliiona. Mimi macho yangu yote yalikuwa kwenye uso wa bibi wa watu." Akaniwekea mkono juu ya goti. "Ningemharibia mtoto wa watu, wallahi. Nisingelala."

Nilitazama nje mpaka tukafika.

Nilidhani wivu ni kutaka alicho nacho mwenzio. Mkono wake, wateja wake, mabibi harusi wake. Leo nimeona kuna kitu chake ninachokitamani kuliko hivyo vyote, nacho hakifundishiki kwa kiberiti. Akikosea, husema "kumbe," halafu hurekebisha.

Mimi nimekosea siku tano, na ya sita nikasema uongo.

Andiko hili nalihifadhi kwanza, silichapishi. Kesho watu wakitoka kuswali Ijumaa nitakwenda kwake, nitaketi jikoni, na kabla hajanipa hata maji nitamwambia ilikuwa Jumamosi. Nitachukua daftari azione tarehe. Huenda akacheka. Huenda akaniambia nitafute kibanda changu, na atakuwa na haki. Bintiye husoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni, na sitaki mama yake ayapate huku kwanza.

Kwa hiyo ukiyasoma haya, jua wifi yangu ameshayasikia kwangu.