Gerson Kalinga na Mnato wa Nyota Iliyolipuka

Mwaka umetimia, Mwalimu Gerson Kalinga, tangu tukuzike hapa Kihesa, Iringa, na hasira haijatuisha. Si hasira juu yako.

Kule Uyole ulikofundisha fizikia, wanafunzi wako bado wanasalimiana "Kamwene", salamu ya Kihehe uliyowazoesha, ingawa si ya Mbeya. Hukumcheka aliyechelewa kuelewa. Ulirudia.

Hata jikoni ulifundisha. Uligonga sufuria ya maji, kisha ya uji wa ulezi. "Dada Yusta, angalia. Kwenye maji viwimbi vinakimbia, kwenye uji vinafia njiani. Huo ndio mnato."

"Uji unapoa wewe unaugonga tu," alikujibu dada yako. "Kunywa!"

Nyota ikilipuka, ulieleza, wimbi la mlipuko husukuma gesi kwa kasi kubwa. Hesabu nyingi huichukulia gesi hiyo kana kwamba haina mnato. Wewe uliuliza: mnato ukiwekwa kwenye hesabu, mtiririko hubadilikaje? Ulikwisha kuona kwamba ukingo wa wimbi hunenepa, na sehemu ya nishati ya mwendo hugeuka joto. Kwa kiasi gani, ulikuwa ukitafuta kwenye kompyuta yako kila likizo. Wiki ya mwisho ulimwambia mkeo Lea, "Hesabu imekubali."

Siku ya kugawa vitu vyako, Baba Mdogo Marcelino aliishika kompyuta hiyo pamoja na makoti.

"Hii wapewe kwaya."

"Baba Mdogo, ndani kuna kazi yake," alisema Yusta.

"Kazi ya marehemu imeisha, mwanangu. Vitu vikilala humu ndani, vitatusumbua."

Kwaya wakafuta kila kitu wapate nafasi ya nyimbo. Wanaimba vizuri, hilo ni kweli. Yusta ameipeleka kompyuta kwa mafundi wa Iringa na wa Mbeya. Wote wamesema hakuna kinachorudi. Kama kuna uliyemtumia hesabu zile, hata ukurasa mmoja, tunamsihi amfikishie Lea, Kihesa.

Juzi tulimkuta Baba Mdogo jikoni, peke yake, anagonga sufuria ya uji.

"Kwani jibu lilikuwa ngapi?" aliuliza.



Unakumbukwa na mkeo Lea, mama yako Eveline, dada yako Yusta, Baba Mdogo Marcelino, na wanafunzi wako wa Uyole. Hatutakusahau kamwe, Gerson, wewe na swali lako.