Baba, Kile Kifaa Chako Kimelia

Baba, afande wangu mpendwa,

Kile kifaa ulichokiacha mezani nyumbani kwako Mafubira, Jinja, kimelia. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeruka salamu zote ili ulifikie.

Unakumbuka siku niliyokuja Jinja kukuambia nataka kufungua karakana ya redio huku Mbale? Hukunipongeza. Ulimwaga mezani mfuko wa vipuri, ukasema, "Fundi bila hii ni muganga tu. Anabahatisha." Ukanieleza kwamba tutaunda kifaa cha kutoa mapigo ya umeme. Nitayaingiza kwenye redio iliyonyamaza, niyafuate mpaka yanapopotea, na hapo ndipo penye ugonjwa. Ulikuwa fundi wa redio za jeshi, na neno "imeharibika" hukulikubali kamwe. "Ukisema imekufa, onesha mimi mahali imekufia."

Tukalehemu pamoja. Wewe ulishika koleo, mimi chuma cha moto, na kila nilipotetemeka ulikohoa makusudi. Kisha moyo wako ukasimama kabla hatujaunganisha betri. Bado nakukasirikia kwa hilo, Baba.

Siku ya kugawana vitu vyako, Baba Mdogo alisema vifaa vya ufundi vichukuliwe na wanaume, mimi nipewe vyombo vya jikoni. Bila meza yako nisingekuwa na karakana. Nikasema mbele ya watu wote kwamba nikikiamsha kifaa chako cha mwisho, meza na kila kilicho juu yake vitakwenda nami Mbale.

Akacheka. "Haya, amusha. Mupaka chakula ikuwe tayari."

Niliunganisha betri. Kimya. Nikapima betri, nzima. Nikaufuata umeme kwa mita, kiungo kwa kiungo, nikakuta kimoja hakijashika vizuri, nikakilehemu upya. Kimya. Nje walikuwa wameshaanza kuepua sufuria. Umeme ulifika kwenye chipu, kile kipuri cheusi chenye miguu minane kinachotoa mapigo, ukaishia hapo. Nikaitazama nukta nyekundu mgongoni mwake. Siku zote nilidhani inaonyesha mguu wa kwanza. Ndipo nikakumbuka rangi ya kucha ya Mama, uliyokuwa ukiiiba ili kutia alama kila kipuri kilichokufa.

Baba, uliketisha maiti kwenye kiti! "Wakati ya moto, muzima anakaa mbali," ulizoea kusema. Chipu iliyokufa inashika nafasi mpaka kulehemu kuishe, na ile nzima unaifunga kwenye karatasi inayong'aa ya paketi ya sigara, unaitia mfukoni mwa shati lako la kaki. Nikainua macho kulitafuta shati. Baba Mdogo alikuwa amelivaa.

"Baba Mdogo, fungua mufuko."

"Mufuko gani?"

"Ya kifua. Tafadhali."

Akaingiza vidole viwili, akatoa kikaratasi, akakishika kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake. Nikaing'oa chipu ya nukta nyekundu, nikaipachika ile nyingine.

Tik. Tik. Tik.

Taa ndogo ikawa inakonyeza, na shangazi zangu wakaacha sahani. Nililia, wala sikuona haya. Baba Mdogo akakunja mikono ya shati lako, akashika upande mmoja wa meza.

"Shika huko," akaniambia.

Sasa meza iko Mbale, karibu na dirisha. Wateja huingia wakiuliza fundi yuko wapi, nami nawaambia wakae. Nakukumbuka sana kila ninapochoma kidole, maana hakuna anayekohoa. Lakini sirudi nyuma. Jana mzee mmoja aliweka redio yake mbele yangu, akasema imekufa kabisa, nimtolee tu vipuri vya kuuza. Nikawasha kifaa chako.

"Ngoja, mzee," nikamwambia. "Kwanza tuone mahali imekufia."

Pumzika, afande. Zamu hii ni yangu.

Binti yako,
fundi