Jina la Kuandika Mahali pa Babu

Mwala, 9 Agosti 2003

Kwako Munyiva,

Sisi ni wazima. Mbaazi zimekauka, na mbuzi mweupe amezaa mapacha. Kwa ile picha uliyotuma umekonda. Huko Nebraska hawapiki?

Nimesikia Jeff, mume wako, amefuata ukoo wake mpaka yule mzee aliyefika huko na gari la ng'ombe mwaka wa 1871, akalima pori. Vizuri. Sasa anataka kuandika na ukoo wetu, na wewe unaniuliza jina la babu yako. Umekuwa mgeni kwenu?

Mimi niliolewa na Syombua. Alikuwa mwanamke mjane, tasa, akanitolea mahari nimzalie watoto, ile desturi yetu ya iweto. Baba yako ni mtoto wa Syombua. Mwanamume niliyezaa naye haulizwi.

Lakini Ndunda, mtoto wa shemeji yake Syombua, ndiye alichukua barua yako posta, akaifungua. Alikuja hapa akicheka.

"Mwaitu, mama yetu, andika tu jina la huyo mwanamume. Si ni mambo ya Amerika?"

"Kamuulize Syombua kaburini," nikamwambia.

Anataka mwandiko wangu wenye jina hilo aupeleke kwa wazee wa mashamba, aseme baba yako si wa boma hili na shamba ni lake.

Kwa hivyo mahali pa babu, andika Syombua. Jeff akisema mwanamke hawezi kuwa babu, atutoe kwa kitabu chake sisi wote.

Ni mimi susu, nyanya yako,
Kaluki wa Syombua