Abiria Aliyeingia kwa Juu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo Kidogo cha Polisi, Gatini
Jina: Mama Shazia (ndivyo anavyojulikana gatini, kwa ajili ya shazia, ile sindano kubwa anayoshonea, jina la kitambulisho limo kwenye jalada)
Umri: Miaka 51
Kazi: Fundi wa kushona maturubai
Makazi: Chumba cha nyuma ya karakana yake, barabara ya gatini

Mimi niliyetajwa hapo juu nimefika kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa wala sikutishwa na mtu, na nasema hivi:

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, siku ya Alhamisi, majira ya saa nne asubuhi, niliitwa na mwenye boti ya kuvusha abiria kwenda ng'ambo, ile yenye ubavu wa kijani. Watu wanamwita Birika, kifupi cha Mkono wa Birika, maana kumtoa pesa ni kama kumng'oa jino. Mimi namwita Nahodha. Alitaka nimpe bei ya kubadilisha turubai la juu, lile linalowakinga abiria jua na mvua. Boti ilikuwa imefungwa gatini, chini ya ukingo wa daraja la reli, na abiria walikuwa bado hawajapanda.

Turubai la zamani nililishona mwenyewe miaka mingi nyuma. Lilikuwa la rangi ya chungwa, jua likalila mpaka likabaki kama ganda la yai. Karibu na usukani nilibonyeza kwa kidole, kidole kikapita. Nikamwonyesha. Nikasema, "Nahodha, hili limekwisha. Hata ndege akitua atatumbukia."

Nikamtajia bei. Turubai la boti si shuka, afande. Kuna kitambaa kizito, uzi usiooza kwa maji, ringi za shaba, kamba, na mikono yangu wiki nzima. Ukijumlisha, unakaribia bei ya pikipiki iliyotumika. Nahodha alishika kichwa.

"Dada, unafunika boti au uwanja wa mpira?"

"Ukitaka rahisi, wanunulie abiria miavuli."

"Na wewe ukitaka kuniua, chukua nanga unipige nayo, itakuwa haraka."

Tukabaki hivyo, yeye hapandi, mimi sishuki.

Juu ya daraja kulikuwa na watu wanapaka rangi vyuma. Tulishawazoea. Wiki nzima matone yao yalikuwa yanatua kwenye boti, na Nahodha akiwatukana kila asubuhi kwa sauti ambayo haifiki huko juu.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa nyuma. Nahodha alikuwa amekaa benchi la mbele, mgongo kwangu, amenuna. Nilisikia ukelele mfupi, kisha kivuli kikapita. Sikumwona mtu akianguka. Nilichoona ni turubai kushuka. Lilivimba kwa chini kama tumbo, likaja mpaka usawa wa macho yangu, na ndani yake kulikuwa na umbo la mtu: mgongo, kisogo, kiganja kimoja kimefunguka, vidole vyote vinahesabika. Nilisubiri lipasuke.

Halikupasuka. Mshono wa kati ndio ulianza kuachia, kidogo kidogo, kutoka mbele kuja nyuma, na kila ulipoachia ulimshusha. Mabomba ya fremu yalipinda, yakalia. Kamba za upande wa kushoto zikakatika, za kulia zikashika. Mwishoni mtu yule akawa amelala juu ya benchi la kati, amezongwa turubai mwili mzima. Kopo lake la rangi lilikuja nyuma yake, likapita pembeni, likapiga ukingo wa gati, likabonyea hadi likawa kama sahani. Nililitazama kopo lile, kisha nikamtazama yeye.

Wapiga debe walinyamaza, na hao hata usingizini hupiga kelele.

Halafu turubai likapumua. Nasema nilivyoona: kitambaa kilipanda, kikashuka, kikapanda tena.

Afande, nimeshona tangu nikiwa msichana. Kitambaa kile kilipaswa kuachana kama karatasi iliyolowa.

Nahodha ndiye aliyezinduka kwanza. Alisema, "Mkasi!" Nikatoa mkasi mfukoni. Kamba moja ilikuwa imemzunguka mtu yule shingoni, nikaikata. Nikakata turubai kuanzia kifuani kushuka mpaka magotini, na Nahodha akawa analifungua. Tukampapasa kuona alipoumia, mimi kiunoni na mapajani, Nahodha mabegani. Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa ovaroli na kiatu kimoja. Umeniuliza kuhusu mkanda wa usalama. Hakuwa na mkanda. Hakuwa na kamba ya aina yoyote isipokuwa ile ya turubai niliyoikata. Mikono yangu ilipita kiunoni kwake kote. Nasema hili bila shaka yoyote.

Hospitali iko ng'ambo, na kwa barabara ni kuzunguka mbali. Nahodha akawasha injini. Nilipakata kichwa cha majeruhi. Boti ilipoanza kuachana na gati, msimamizi wa kazi ya darajani alikuja mbio, akaruka ndani. Nilidhani amekuja kusaidia. Mkononi alikuwa na mkanda wa usalama, mpya, bado una mikunjo ya mfuko ulikotoka. Aliuweka kwenye benchi, karibu na miguu ya majeruhi.

Katikati ya maji alimsogelea Nahodha. Akamwuliza, "Mzee, hili turubai ni bei gani?"

Nahodha hakugeuka. Alisema, "Muulize fundi."

Nikamtajia bei ileile. Msimamizi hakupepesa jicho wala hakuomba apunguziwe. Akasema, "Leo hii nalipa. La daraja la kwanza, na fremu mpya juu. Mkiulizwa, mseme mlimkuta na mkanda, umekatika. Basi, hakuna anayeumia."

Aliyekuwa mapajani pangu alikuwa anaumia. Nilikuwa nasikia mbavu zake zikigusana kila boti iliporuka wimbi. Lakini sitajitia utakatifu, afande. Kazi ile ilikuwa ni yangu, na kwangu kodi haingoji. Kwa pumzi moja au mbili niliiona pesa ile. Kisha nikamtazama Nahodha, nikajua tumekwisha, maana mtu huyu nimemwona akirudi sokoni jua kali kwa ajili ya chenji ya kiberiti.

Nahodha alipunguza injini. Akatazama juu, pale palipokuwa turubai, na sasa pana mbingu tupu. Akatazama muda mrefu kiasi kwamba na mimi nikatazama. Kisha akasema, wala hakupaza sauti:

"Bwana mkubwa, watu wananiita Birika, na sikatai, wananijua. Lakini mtu huyu ameingia botini mwangu. Ameingia kwa juu, sawa, ila ameingia. Ni abiria wangu. Sijawahi kumuuza abiria."

Msimamizi akasema, "Mzee, fikiria vizuri, hiyo ni pesa nyingi."

"Najua ni nyingi. Asubuhi nzima nilikuwa nalia nayo. Sasa toa mkanda wako hapo, asije akaukanyaga mtu akateleza."

Akaongeza injini. Tukafika ng'ambo. Msimamizi alishuka na mkanda wake. Wahudumu wa hospitali wakaja na machela. Nahodha hakumdai mtu nauli, na wanaomfahamu wataelewa kwa nini nalitaja.

Umeniuliza thamani ya mali iliyoharibika. Turubai jipya, bei nimeshaitaja, na naweza kuiandikia hati ya makadirio. Lile la zamani, kwa jicho la fundi, halikuwa na thamani. Asubuhi ile nisingelinunua hata kwa kufunikia kuni. Kama Nahodha angelibadilisha mwezi uliopita nilivyomshauri, lingekuwepo jipya, limekazwa kama ngoma, na sijui lingempokea au lingemrusha kwenye zege. Nimeliwaza sana. Sifa si yangu, maana nililihukumu limekufa. Na yeye Nahodha aliliacha kwa ubahili. Basi ni ya nani, sijui.

Jana nilikwenda kumwona majeruhi wodini. Amevunjika mfupa wa mtulinga, huu wa begani, na mbavu tatu. Mkewe alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Aliponijua ni nani, alikiweka kijiko chini, akanishika mikono, akaigeuza akaitazama viganjani.

Mume akaniambia hakumbuki kuanguka. Anakumbuka mguu kuteleza, kisha rangi. Alisema, "Mama, palikuwa na mwanga kila upande, laini, kama uko ndani ya yai. Nikasema, aa, kumbe ndivyo kufa kulivyo. Nikatulia kabisa. Halafu nikasikia mtu anaita mkasi."

Alicheka, mbavu zikamkataza.

Sina la kuongeza. Niliyoyaeleza ndiyo niliyoyaona na kuyashika kwa mikono yangu, na nitayarudia mbele ya yeyote.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu. Amekabidhi turubai kuukuu lililokatwa kwa mkasi na kipande cha kamba, vikiwa vielelezo. Mwenye boti anaandikisha maelezo yake chumba cha pili. Kabla sijavifunga vielelezo kwa lakiri, mke wa majeruhi, aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kuandikisha maelezo kwenye benchi la korido, aliomba aliguse turubai hilo. Nilimruhusu.