Cornelius, Aliyezamia Meli

Mwaka umetimia, Cornelius wetu, tangu asubuhi ile ya Machi ulipoingia ziwani kule mwambao wa Kasanga ukiwa mzima, ukatolewa kwa kubebwa. Mvua za mwaka huu zimekuja vizuri. Mahindi ya huku kwetu Kasense yamebeba, na upepo wa huku juu ni uleule wa kukausha midomo. Wewe tu ndiye usiyekuwepo.

Tuanze kwa kucheka, maana ulipenda kucheka. Siku ulipopiga simu kutoka Kigoma ukasema umepata kazi ya kuzamia meli, mama Kristiana alikaa chini palepale uani. Huku kwetu kuzamia meli tunajua ni kitu kimoja tu: kujificha bandarini hadi uamkie Afrika Kusini bila pasipoti. Akaanza novena, sala zake za siku tisa. Siku ya saba ukatokea mlangoni na miwani ya kuogelea shingoni, unauliza kama kuna togwa.

"Mama, mimi sijifichi ndani ya meli. Ni meli za zamani zilizozama, nazifuata hukohuko chini."

"He! Sasa si afadhali ungeenda hiyo Afrika Kusini," mama akasema, na togwa akakupa.

Ulikuwa mtu wa ajabu wewe. Mpiga mbizi asiyekula samaki! Mkeo Josefina akikaanga mgebuka, unasogeza sahani na kuvuta ugali wako wa ulezi na maharage. "Siwezi kula majirani zangu wa kazini," unasema, na binti yenu Justa anacheka mpaka anapaliwa. Watoto wa mwambao uliwafundisha kuogelea bila kuombwa. Ukipanda huku kwetu ulizunguka shuleni na michoro yako, ukiwaonyesha watoto ambao hata ziwa hawajaliona meli ilivyolala sakafuni kwake.

Meli yenyewe uliipata kwa masikio. Wavuvi walikuwa na mahali ambapo nyavu zao zilinasa kila mara, wakapaogopa, wakasema pana mzimu. Wewe ukachukua kipande cha wavu uliochanika, ukakipekua, ukaonyesha vidole vyako vilivyogeuka vyekundu. "Mzimu gani huu wenye kutu?" Wiki ile ukazama na mwenzako Loth, fundi wa mitungi ya hewa, mkaikuta: meli ya mizigo ya enzi za Wajerumani, imelala ubavu, matope yameimeza nusu. Hukuchukua hata msumari. Ulipima kwa futi kamba na kuchora kwa penseli juu ya kibao cha plastiki, ukirudia kwamba mle kuna watu walikufa, na kaburini mtu hachukui kitu.

Cornelius, tangazo hili la gazetini lilikuwa liishie hapa. Majina, sala, basi. Limerefuka kwa sababu ya kaka yako Oswaldi, na yeye mwenyewe ameomba yaandikwe yote, kwa kuwa mbele za watu ndiko alikodanganya.

Jumapili iliyopita tulikaa sebuleni kwa mama kuliandika. Oswaldi ndiye aliyeshika kalamu, kama kawaida, maana mwandiko wake unasomeka. Tukafika kwenye majina ya wanaokukumbuka. Josefina akasema, kwa sauti ndogo, labda na Loth aandikwe. Mama akawaka. "Jina la huyo lisiguse karatasi yangu! Mtungi wake mbovu ndio umenilia mtoto."

Wewe unajua haikuwa hivyo. Sisi hatukujua. Tulichojua ni neno moja la Oswaldi, alilolisema ufukweni akiwa amelowa hadi kifuani, akalirudia polisi, akalirudia hapa msibani: "Hakuvuta." Kwamba kamba aliishika mwanzo hadi mwisho, na wewe hukuivuta hata mara moja. Mtu aliye chini ya maji na asiyevuta kamba, watu wakasema, huyo amezimia, kapewa hewa mbovu. Hewa ilikuwa kazi ya Loth. Alipokuja kwenye matanga alifukuzwa pale getini, na wajomba wakamrushia maneno ambayo hatutayaandika.

Oswaldi aliiweka kalamu mezani.

"Mama," akasema, "mtungi ulikuwa mzima."

Akaeleza. Siku ile alikuwa ameteremka ziwani kuwasalimia wakwe zake, ukamkuta huko, ukamshika mkono mbele ya Loth ukasema leo kamba yako ataishika damu yako. Alijisikia vizuri, anasema. Yeye mkulima wa ulezi, ambaye maji anayoyaamini ni ya kuoga, akapewa uhai wa mdogo wake mkononi. Ukamfundisha: ukivuta mara moja, uko salama, mara mbili, uongezewe kamba, mara tatu, uvutwe juu haraka. Akarudia kama mtoto wa katekisimu. Loth alikuwa amegeukia nyuma ya boti, anafunga mtungi wa akiba, na injini inanguruma.

Ukazama. Hapo ndipo mtumbwi wa Mzee Alois ulipokaribia. Baba mkwe wake huyo, baba wa mkewe Bertilla, alikuwa anapita tu akaona boti ya watu anaowajua.

Wasomaji wasio wa kwetu watuvumilie. Mfipa hamsalimii mkwe wake kwa kuinua kidole. Unachuchumaa, unainamisha macho, unapiga makofi taratibu kwa viganja vyote viwili, na huinuki mpaka mkubwa amalize kuuliza. Kumsalimia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kazi yako, ni kumwambia kwamba hana maana. Oswaldi analijua hilo tangu hajajua kuhesabu. Aliiweka kamba kwenye ubao wa boti, akaikandamiza kwa goti, akachuchumaa, akapiga makofi.

Mzee akauliza habari za Kasense. Akauliza ulezi. Akauliza Bertilla hajambo, na watoto, na yule ng'ombe aliyevunjika pembe. Oswaldi akajibu yote, macho chini, makofi yanaendelea. Aliposimama, chini ya goti hapakuwa na kitu. Kamba ilikuwa inateleza ukingoni mwa boti, inakwenda, na ncha yake akaidaka ikiwa imebaki kama urefu wa mkono. Akaivuta. Ilikuwa imenasa kwenye chuma.

Loth alizama palepale. Alikukuta umefungwa na wavu wa zamani ulioifunika ile meli, na kamba yote imerundikana pembeni yako. Alimuuliza Oswaldi mbona kamba ni nyingi hivyo huko chini. Oswaldi akasema alikuwa anakulegezea kidogo kidogo. Loth akaamini, akarudi kuukagua mtungi wake, na akaanza kujishuku.

Josefina alikuwa amefunika uso kwa kitenge. Mama ndiye aliyeuliza, kwa Kifipa, taratibu kabisa:

"Alivuta mara ngapi?"

"Sijui, mama," Oswaldi akasema. "Nilikuwa napiga makofi."

Ndipo tukaelewa kwa nini mwaka mzima kanisani nyimbo za makofi zikipamba moto yeye anaweka mikono mifukoni. Tulidhani ni majonzi, tukamsifu.

Mama aliingia chumbani akafunga mlango. Alipotoka alisema maneno matatu tu: "Kamlete Loth hapa." Oswaldi akateremka Kasanga keshoye alfajiri. Alianzia kwa baba mkwe, kwa kuwa hakutaka mzee alisome jambo hili gazetini. Mzee Alois alimsikiliza hadi mwisho, akavua kofia, akaishika mapajani.

"Salamu yangu ingesubiri, mwanangu," akasema. "Ungeniambia tu, baba subiri. Mimi ningekasirika kwa hilo?"

Oswaldi anasema hilo swali linamuuma kuliko kama angetukanwa.

Naye Loth, Oswaldi alimkuta anashona nyavu za watu. Ameacha kuzamia, Cornelius. Mitungi yote aliigawa, kwa sababu kila alipoishika aliona amekuua. Oswaldi alipiga magoti mchangani akaeleza. Loth akaweka sindano ya nyavu chini.

"Mwaka mzima, kaka?"

"Mwaka mzima."

"Na mimi nilikuwa siendi hata misa."

Hakusema amesamehe. Lakini alioga, akavaa shati safi, wakapanda gari moja kuja Sumbawanga. Mama alimpokea getini, palepale alipofukuzwa, akamshika mkono mpaka ndani. Akamketisha kwenye kiti chako.

Tusamehe, Cornelius. Wewe ulivuta, na juu hapakuwa na mtu. Halafu tukaja tukasema hukuvuta, tukamtupia mwenzako kifo chako, na sisi tuliorudia uongo huo bila kuuliza hatuna pa kujifichia. Misa ya kukuombea ni Jumamosi hii, saa moja asubuhi, parokiani kwetu. Kila aliyemtukana Loth aje amsalimie.

Orodha ya majina Oswaldi aliiandika upya yeye mwenyewe, bila jina lake. Mama aliisoma kidole juu ya mstari, akaivuta kalamu mkononi mwa Oswaldi. "Hasira ninazo, na nitakaa nazo," akamwambia. "Lakini mtoto akikunyea kiganja, kiganja hukikati." Mama haandiki mara kwa mara, unamjua. Alichukua muda.

Tunaokulilia ni mama yako Kristiana, mkeo Josefina na binti yenu Justa, shemeji yako Bertilla, Mzee Alois wa mwambao, mwenzako Loth, na chini kabisa, kwa herufi za mama zilizopinda, kaka yako Oswaldi.

Hatutakusahau kamwe, siku zote za uhai wetu.