Jino Lenye Mzizi

Bugarama,
Jumatano.

Dada yangu mpendwa Zipora,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kimeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mwanao Lusia, uliyeniazima anichangamshe nyumba, anakula, anasoma, na ubishi ameurithi kwako wote.

Dada, najua umekasirika. Simu yako ya Jumapili tuliisikia sote, maana mume wangu Mayala aliiweka kwenye spika. Ulisema jirani yetu Mama Ndaki ameokota jino lenye damu mlangoni kwetu, na Lusia ana pengo mbele. Kwa hiyo, ulisema, mume wangu amempiga mtoto wako, na Jumamosi unakuja na polisi kumchukua Lusia.

Mayala amekosa raha tangu siku hiyo. Jana alitupeleka Kahama kwa daktari wa meno. Mama Ndaki naye alikataa kulitoa lile jino mkononi mwake. Alilifunga kwenye pindo la khanga, akapanda gari pamoja nasi. Lusia alibeba la kwake, ambalo alikuwa amelificha kwenye mkebe wa shule badala ya kulitupa juu ya bati kama tulivyokuwa tukifanya sisi.

Daktari, mama mmoja mpole, alianza na la mkebe. Alitueleza kwamba jino la utoto huwa na mzizi, ila jino la ukubwani linapopanda kutoka chini, mwili wenyewe huula ule mzizi kidogo kidogo mpaka unakwisha, ndipo jino hulegea na kudondoka. Alituonyesha: chini halina kitu, kama kifuniko. Akamwambia Lusia apanue mdomo, akasema jipya limeshachungulia. Hakuna aliyempiga.

Lile la mlangoni lina mzizi mrefu, mzima. Alisema hilo ni la mtu mzima, na mzizi wake mwili hauuli vile. Jino zima kama hilo likitoka na mzizi wake wote, ama limeng'olewa, ama mtu amepigwa. Mayala akasema wachimbaji wa hapa wanapigana kila wakilipwa, litakuwa la mmoja wao. Mama Ndaki aliona haya. Basi dada, mtoto hajaguswa, nakuomba upoe.

Mayala amesoma mpaka hapo. Ameridhika, ameshuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, kuchimba, na simu yangu ameondoka nayo. Ukurasa huu hajauona. Nisamehe mwandiko, naandika haraka.

Lile jino ni langu. Ijumaa nilimuuliza mbele ya wenzake atarudi saa ngapi, akasema nimemdhalilisha, na aliporudi akanipiga mdomoni. Ni jino la pembeni. Nilitema damu mlangoni na sikuona lilikoangukia. Kule Kahama nilikaa nimefunika mdomo kwa khanga. Daktari alipouliza linaweza kuwa la nani, niliogopa, nikamwachia Mayala ajibu. Aliitazama ile khanga mdomoni mwangu, kisha akaniambia mimi, wala si Mayala, kwamba la mtoto litaota lingine, lakini la mtu mzima halioti tena. Mayala alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kama mwanafunzi mzuri.

Yote niliyoandika kuhusu Lusia ni kweli tupu. Hukukosea mkono uliopiga, dada. Ulikosea mdomo uliopigwa tu.

Kwa hiyo usipoe. Njoo Jumamosi kama ulivyosema, na hao polisi njoo nao. Mayala akikupigia kabla ya hapo, mwambie umesoma barua na umepoa. Nitakuwa nimefua nguo za Lusia na za kwangu. Nakusihi, usimchukue yeye peke yake.

Barua hii namkabidhi Mwalimu Sostenes anayekuja huko Shinyanga, na bahasha nimeifunga mwenyewe. Nisalimie shemeji Ignas na wote wa hapo Ibadakuli. Waambie mimi ni mzima.

Ni mimi mdogo wako ninayekungoja,
Paskazia